Sahani ya Maji Matupu

Vijana mnaoanza kazi ya maabara, mimi naitwa Fundi Deo. Digrii sina. Nina stashahada moja ya ufundi sanifu, niliyoisomea huku asubuhi nikiuza vitumbua vya mama yangu, na kwa stashahada hiyo moja nilivuka bahari nikafanya kazi miaka ishirini na sita katika maabara yenye madaktari wa falsafa wengi kuliko viti. Waliponiajiri nilikuwa mwosha chupa. Nilipoondoka, hakukuwa na mtandao wa jeni uliotiwa ndani ya hamira katika jengo lile bila kupita mikononi mwangu. Hayo ni kweli na nayasema kwa sauti, maana hakuna aliyenishika mkono: si mjomba, si padri, si mbunge.

Nimetanguliza majivuno ili mnijue. Mkuu wenu wa idara aliniomba niwaandikie kuhusu kazi, na nadhani alitaka nieleze nilivyofika. Nitaeleza kidogo. Lakini kinachonikosesha amani hapa Itetemia, Tabora, nilikojenga nyumba yangu ya uzeeni, si namna nilivyofika. Ni mzee mmoja wa kijiji cha upande wa Goweko ambaye nilimharibia jina, na binti yake ambaye harusi yake niliiharibu nikiwa nimekaa kiti cha mbele.

Kwanza kazi yenyewe, maana wengine mtakuwa mmeisoma kwenye vitabu tu. Jeni ni maagizo. Ndani ya chembe hai agizo moja huwasha jingine au hulizima, na hilo nalo huwasha la tatu. Sisi tuliyapanga maagizo hayo upya yakawa mtandao, kama fundi umeme anavyopanga nyaya na swichi, ili hamira ifanye jambo ambalo haikuumbwa kulifanya. Mama yangu hakuwahi kulielewa hili. Mwaka wangu wa kwanza ughaibuni aliniuliza kwenye simu:

"Wanakufanyisha nini huko?"

"Nafanya kazi na hamira, mama."

"Hamira hii hii yetu?"

"Hiyo hiyo."

"Umepanda ndege kwenda kuumua unga?"

"Siumui unga. Naifundisha kukumbuka."

Akasema, "Basi ukimaliza kuifundisha hiyo, jifundishe na wewe. Mwezi wa pili huu hujapiga simu."

Aliyenifundisha mimi alikuwa mama mmoja mfupi aitwaye Agata, mgeni katika nchi ile kama mimi, fundi wa siku nyingi mwenye sauti ya kamanda. Katika mwezi wangu wa kwanza kwenye meza yake nilimpelekea sahani arobaini ndogo za kukuzia hamira, zimepangwa vizuri, zina majina, nikisubiri sifa. Akazitazama moja moja. Akauliza, "Ambayo haikupewa kitu iko wapi?" Nikasema sikuiweka, kwani itanionyesha nini? Akazibeba zote arobaini akazitumbukiza kwenye pipa la taka za kuchomwa. Wiki mbili za kazi! Nilitaka kulia. Akaniambia kwamba sahani isiyopewa kitu ndiyo pekee inayoweza kukuambia kama zile nyingine zinakudanganya. Ukitaka kujua kama maji fulani yana dawa, weka pembeni sahani ya maji matupu, safi, yasiyo na lolote. Ikibadilika na hiyo, basi tatizo ni lako wewe, si la maji.

Miaka iliyofuata niliwafundisha hivyo vijana wa mataifa mengi. Nilikuwa mkali kuliko Agata. Kumbukeni hilo mnaposoma yanayofuata.

Niliporudi Tabora, chuo kimoja kilikuwa na mradi. Wakulima wa tumbaku na mbogamboga hunyunyiza dawa nyingi, na baadhi ya dawa hizo zina shaba. Tulitaka hamira itakayotuambia kama shaba imeingia kisimani, kwa gharama ndogo, bila kungoja mashine kubwa za mbali. Kibali tulikuwa nacho, na hamira haikutoka nje ya chumba chetu. Maji ndiyo yaliyoletwa kwake. Mtandao niliujenga mwenyewe. Swichi ya kwanza inahisi shaba. Ikiihisi, inawasha swichi ya pili. Hiyo ya pili inafanya mambo mawili: inatengeneza rangi nyekundu, na inajishikilia isizimike hata shaba ikiondolewa. Hamira iliyokutana na shaba nyingi inabaki nyekundu na vizazi vyake vinazaliwa vyekundu. Isiyokutana nayo inabaki nyeupe kama uji wa mchele.

Ilifanya kazi. Msije mkadhani mtandao ulikuwa mbovu. Visima vinne vya mwanzo tulivipima, tukapeleka maji yale yale kwenye mashine kubwa, na majibu yakalingana. Nilitembea mjini kifua mbele. Hata umeme wa Tabora haukunishinda: nilichukua kiangulio cha vifaranga, nikakifunga betri, kikawa kabati la joto la kukuzia hamira. Aliyeniuzia aliniuliza ninaangua mayai mangapi. Nikamwambia milioni mia kadhaa. Akanitazama, akahesabu trei zake, akasema, "Mzee, utahitaji kabati jingine."

Mwenzangu kazini alikuwa Nyamizi, mtaalamu wa maabara wa chuo, mama wa watoto wawili, mwenye digrii aliyoipata kwa jasho kama langu. Ni mtu wa maneno machache. Alikuwa na swali moja tangu siku ya kwanza. Aina ya hamira niliyoichagua ilikuwa ya zamani, niliyoizoea ughaibuni, na ina kilema ambacho kila fundi wa kazi hii anakijua: haiwezi kujitengenezea adenini, kirutubisho kimoja cheupe kama chumvi. Ukiinyima adenini haifi upesi. Inalimbikiza taka ya rangi ndani yake, na kundi lote linageuka waridi, kisha jekundu.

"Mzee, kwa nini hamira inayoweza kuwa nyekundu yenyewe, wakati tunatafuta wekundu?" aliniuliza.

"Kwa sababu ninaijua," nikajibu. "Ukiipa adenini ya kutosha, haina neno."

Na kweli haina neno, ukiipa ya kutosha.

Sasa niwaambie juu ya Mzee Ndahani. Nilikutana naye siku tuliyokwenda kuchota maji kijijini kwake. Ni Mgogo, alikuja miaka thelathini iliyopita kulima tumbaku, akaoa, akazaa, akabaki. Shamba lake liko jirani na kisima cha pampu. Aliposikia mimi ni Mnyamwezi wa Tabora mjini akaweka jembe chini.

"Karibu, mpagazi! Umebeba nini leo?"

"Nimebeba chupa tupu, mtani."

"Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe unabeba chupa tupu! Kweli kizazi kimeshuka."

"Kimeshuka kwa sababu babu zako walitumaliza kwa hongo njiani."

Akacheka mpaka akashika kiuno. Nyinyi vijana utani mnaujua kwenye simu tu, kwa hiyo nieleze. Misafara ya zamani kutoka Tabora kwenda pwani ilipita Ugogo, nchi kavu, na wenyeji waliwatoza wapagazi hongo, yaani ushuru wa njia, ndipo wanywe maji. Waligombana, wakazikana, wakazoeana. Huo ugomvi wa visima ukageuka utani, na mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, hata msibani, nawe huruhusiwi kukasirika. Ni kitu kitamu. Sikujua kwamba kinaweza pia kumfunga mtu mdomo.

Siku ya kuandaa chakula cha hamira kwa ajili ya maji yale, Nyamizi aliingia akanikuta nimemaliza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kila kitu tayari."

"Mbona daftari la vipimo liko kabatini?"

"Liko kabatini kwa sababu mimi niko hapa."

Nilipima kwa kichwa. Chupa ya adenini ilikuwa inaelekea kuisha. Nikatikisa iliyobaki, nikaona inatosha. Haikufika robo ya kipimo. Nyamizi akatazama sahani nilizozipanga, akazihesabu.

"Na sahani ya maji matupu?"

"Niliiweka wiki iliyopita, ilikuwa nyeupe."

"Hiyo ilikuwa ya chakula cha wiki iliyopita."

"Nyamizi, mimi nilikuwa napanga sahani hizi wewe ukijifunza kutambaa."

"Sawa, mzee," akasema, akavaa glovu zake.

Baada ya siku nne sahani zote za kijiji kile zilikuwa nyekundu. Kuna taa maalumu ya kutofautisha wekundu wa jeni yetu na wekundu mwingine, lakini balbu ilikuwa imeungua, tunasubiri mpya. Nikasema jicho langu latosha. Tena niliufurahia wekundu ule, Mungu anisamehe. Visima vinne vya mwanzo vilikuwa safi. Hatimaye hamira yangu ilikuwa imekamata kitu. Sikungoja mashine kubwa. Nilimpigia mwenyekiti wa kijiji nikamwomba aitishe mkutano.

Mkutano ulifanyika mbele ya ghala la tumbaku. Nilisimama na koti langu jeupe. Vijana, koti la maabara halitoki maabara, mnajua. Nililivaa kwa makusudi. Nikawaambia kisima chao kina shaba nyingi na wasinywe tena. Mama mmoja akanyoosha mkono.

"Fundi, imeingiaje?"

Jibu lilikuwa neno moja: sijui. Lakini mtu mwenye miaka ishirini na sita ya ughaibuni na koti jeupe, mbele ya kijiji kizima, neno hilo halimtoki. Nikatazama huku na huku, nikamwona Ndahani amekaa kwenye roba la mbolea, ananitabasamia. Nikapata pa kutokea.

"Muulizeni mtani wangu huyo! Zamani babu zake walitutoza hongo ndipo tunywe maji ya Ugogo. Leo wametufuata mpaka kwetu, wanatuharibia yetu bure bila hata hongo!"

Kicheko kikalipuka. Ndahani mwenyewe alicheka, akajibu kwa sauti, "Mpagazi, wewe hata ukinyweshwa maziwa utasema yana shaba!" Wakacheka tena. Kisha kicheko kikaisha, na macho yakabaki kwake. Nikamsikia mama yule yule akimuuliza jirani yake, si kwa utani, "Kweli jamani, bomba lake la dawa huwa analioshea wapi?"

Nilisikia. Nilikuwa naingia kwenye gari.

Pampu ikafungwa mnyororo. Ulikuwa wakati wa kiangazi, na wanawake wakawa wanatembea mpaka lambo la ng'ombe ng'ambo ya reli kwenda kuchota maji ya kuchemsha. Kila ndoo iliyotoka kule mbali ilikuja na jina la Ndahani. Hakuna aliyemtukana, laiti wangemtukana, angejibu. Walianza tu kukataa vitu vyake. Mkewe akipeleka viazi kwa jirani, anarudi navyo jioni. Kilabuni, kata aliyonywea iliwekwa kando. Mtu anayesemwa kwamba ametia kitu kwenye maji, kwetu huku, haulizwi alitia kwa bahati mbaya au kwa kusudi. Na angesema nini? Angenishtaki? Maneno yalikuwa ya mtani. Mtani hakasirikiwi.

Wiki tatu baadaye tulipokea maji ya Tura, kijiji cha kwenye stesheni ya reli, mashariki ya mji. Nilitumia kile chakula kilichobaki. Sahani zikawa nyekundu. Nikaanza kusema mambo makubwa juu ya hali ya maji katika mkoa. Nyamizi alikwenda kwenye kiangulio, akatoa sahani moja ambayo sikuiweka mimi, akaiweka mezani mbele yangu. Juu yake aliandika kwa kalamu: maji ya chupa, dukani.

Ilikuwa nyekundu kuliko zote.

Nilikaa. Hapakuwa na haja ya kueleza. Kila kitu nilikijua kabla kiti hakijapokea uzito wangu. Adenini. Hamira ilikuwa na njaa, basi. Haikuona shaba yoyote, wala mtandao wangu haukuwaka hata swichi moja. Nilikwenda kutangaza njaa ya hamira yangu kama sumu ya kisima cha watu.

"Tutawaambia leo au kesho?" Nyamizi aliuliza.

Nikamwambia tusubiri. Wageni wa mradi walikuwa wanakuja baada ya siku kumi na moja. Nikasema tutapika chakula kipya, tupime tena, tupeleke mashine kubwa, tukipata jibu la hakika ndipo tuseme, kwa utaratibu.

"Mzee, maji yanaweza kungoja. Mtu je?"

"Mtu gani?"

"Unamjua."

Nikamjibu neno ambalo silirudii hapa. Lilihusu nani aliajiriwa lini. Akatoka, akafunga mlango taratibu, na kufungwa taratibu kule kuliniuma zaidi kuliko kama angeubamiza.

Siku tisa baada ya hapo Yunisi, binti wa Ndahani, aliolewa. Nilikuwa nimealikwa kama mtani, nikaenda. Msiniulize kwa nini. Nadhani nilijiambia kwamba kwenda kwangu kutaonyesha sina kinyongo, kana kwamba mwenye haki ya kinyongo ni mimi. Niliwekwa kiti cha mbele, karibu na wazee wa kanisa.

Kanisani walijaa. Nyumbani pia walijaa, kwaya ikaimba, vigelegele vikapigwa. Kisha chakula kikaletwa: wali, nyama ya ng'ombe wawili, maharage, kabichi. Ng'ombe wawili, vijana. Watu wakapokea sahani zao kwa heshima, wakasema asante, wakaziweka mapajani. Wakaanza kuongea. Mmoja alikuwa ameshiba kwake. Mwingine tumbo linamsumbua. Wa tatu yuko kwenye dozi. Mafuta yakaanza kuganda juu ya mchuzi. Mama Yunisi alikuwa anapita katikati ya viti na beseni la kunawia, akiuliza, "Mbona hamnawi? Naweni jamani," na watu wakinawa tena kwa adabu, mara ya pili, na mikono safi ikarudi mapajani.

Ndipo nikatambua kwamba wananitazama mimi. Siyo Ndahani, mimi. Mtu wa maabara. Akila, na sisi tutakula. Ndivyo macho yalivyosema. Katika mkusanyiko ule mzima mimi peke yangu nilijua kwamba kisima kile hakina tatizo lolote tunalolijua, na wali ule ni wali. Nilichotakiwa kufanya ni kumega tonge.

Lakini nikimega wataniuliza: Fundi, mbona unakula? Na nikiulizwa itabidi nijibu, na wageni wa mradi wanafika Jumatatu. Nikaomba soda. Nikaifungua, nikainywa polepole. Sahani yangu nikaisukuma chini ya kiti kwa kisigino.

Ndahani aliona. Alikuwa amesimama mlangoni na suti ya kuazima. Hakufanya utani wowote. Yunisi akawa anatazama shela lake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale. Wageni wakaaga mapema, na vyombo vikaondolewa vimejaa.

Wageni wa mradi walifika Jumatatu. Niliwaonyesha kiangulio changu, wakapiga picha. Jumanne nilipeleka maji kwenye mashine kubwa. Majibu yalirudi baada ya siku kumi na mbili: shaba ya kisima kile ni kidogo, maji yanafaa kunywewa. Sikuyahitaji majibu yale ili kujua. Niliyahitaji ili nisikubali kwamba nilishajua.

Nyamizi aliniambia, kwa heshima yake yote, kwamba nisipokwenda siku ile atakwenda yeye, na hatalitaja jina langu vibaya wala vizuri. Nikaenda. Mkutano ulikuwa pale pale mbele ya ghala. Nikasema kosa ni langu, nilikosea chakula cha hamira, maji ni safi, Mzee Ndahani hakuhusika kwa lolote. Nilitegemea watu wanizomee. Hawakunizomea. Kijana mmoja nyuma akasema, si kwa sauti kubwa, "Amepewa nini huyu?" Mwingine akajibu, "Si watani wale? Watani hulindana." Mwenyekiti akafungua mnyororo wa pampu, watu wakachota, wakanywa, na Ndahani akabaki kama alivyokuwa. Maji yaliaminiwa upesi kuliko mtu. Uongo wangu ulikwenda na koti jeupe na kicheko. Ukweli nilikwenda nao na shati la kawaida, na haukuwa na kichekesho chochote ndani yake.

Nikamfuata Ndahani kwake. Nikaomba msamaha. Nikasema, nipikie chochote, nile hapa nje, barabarani, kila mtu aone.

"Hapana," akasema.

"Mtani, nisaidie nikusaidie."

"Leo usiniite mtani. Niite jina langu." Akaongeza, "Siku ya kula ilikuwa ile. Leo ukila utakuwa unasafisha jina lako kwa ugali wangu."

Nikauliza nifanye nini basi.

"Wewe unapenda mikutano. Mkutanoni mtu anasema na watu wote, akiondoka hakuna aliyemsikia. Nenda nyumba kwa nyumba. Ingia, kaa, sema ulichofanya, na useme kwamba siku ile ya harusi ulikuwa unajua. Hilo hukulisema mkutanoni."

Ni kweli, sikulisema. Yeye alijuaje? Alisema alinitazama nikisukuma sahani. Mtu anayeogopa chakula, alisema, anakitazama. Mimi nilitazama kila kitu isipokuwa chakula.

Yunisi aliniandikia orodha ya nyumba zilizoalikwa. Thelathini na moja. Hiyo ndiyo kazi yangu ya ustaafu sasa: Jumamosi napanda gari mpaka Goweko, natembea, napiga hodi. Wengine hunikaribisha vizuri mno, na hao ndio wagumu. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo sisi tulikuwa na njaa, chakula kipo, na wewe ulikuwa na ufunguo." Nikasema ndiyo. Akasema, "Kunywa chai." Nikanywa. Sijawahi kunywa chai nzito namna ile.

Mtaniuliza nimejifunza nini. Kazi hii inakufundisha kujipima kabla hujapima wengine. Ndiyo maana ya ile sahani, na niliijua kabla wengi wenu hamjazaliwa. Kwa hiyo msinitazame kama mtu aliyekosa kwa kutokujua. Andikeni vipimo vyenu, hata kama mnavijua. Mkiulizwa msilolijua, semeni hamjui, na kisha fungeni mdomo. Msiweke kichekesho mahali pa jibu. Na anayewauliza iko wapi sahani ya maji matupu, hata awe mdogo kwenu, mwacheni aiweke. Nyamizi ndiye anayesimamia maabara ile sasa. Aliibadilisha aina ya hamira wiki niliyoondoka.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nyumba ya kumi na tisa, kwa mama mmoja mjane anayesuka mikeka. Nilimweleza yote, pamoja na soda na kisigino. Hakuacha kusuka. Nilipomaliza akasema, bila kuinua macho:

"Mimi nyama yangu niliifunga kwenye kitambaa. Nikaja nikampa mbwa."

Akasogeza mkeka, akaendelea:

"Mbwa hakufa. Asubuhi yake alikuwa analala pale pale ulipoweka miguu, ameshiba. Nikajua. Nikawaza, nikamwambie Mama Yunisi. Halafu nikawaza, nitamwambiaje kwamba nilimpa mbwa chakula cha harusi ya mwanawe?" Akavuta ukindu, ukakatika. "Mpaka leo tunapishana kisimani, ananisalimia."

Mimi si mtu wa kumwambia mwingine neno juu ya kukaa kimya. Nikainuka, nikatoa orodha nione nyumba inayofuata, na yeye akauweka mkeka kando, akajifunga kitenge.

"Hiyo ni kwa dada yangu. Wewe hatakuamini. Twende."

Tukavuka njia. Hodi nilipiga mimi. Aliyeanza kusema ni yeye.